Picha za kabumbu zenye ukungu: kamera mpya si dawa ya kwanza

Kila penye mechi, toka Lubumbashi hadi Bukavu, vijana wapiga picha wanajipanga nyuma ya goli. Jioni picha zinaanza kuzunguka kwenye WhatsApp na Facebook: mshambuliaji ana ukungu, lakini ukuta wa nyuma yake unasomeka kila herufi. Mwenye picha anailaumu kamera. Kisha anaanza kutafuta deni ili anunue mpya.

Mara nyingi deni hilo ni hasara.

Ni kweli, kamera za leo zina otofokusi ya ajabu, yaani mtambo unaolenga wenyewe. Nikon Z9 ya 2021 ao Canon EOS R1 ya 2024 inamtambua mtu, inashika jicho lake na kumfuata hata wengine wakipita mbele yake. EOS R1 imefunzwa hata kumtambua mchezaji anayepiga shuti. Lakini kila moja ilitoka kwa bei inayopita dola 5.000, bila objektifu. Kwa kijana ambaye picha zake zinachukuliwa bure na timu na vyombo vya habari, hiyo ni miaka ya kulipa.

Kabla ya kukopa, atazame nyasi zilizo miguuni pa mchezaji katika picha yake. Zikiwa na ukungu pia, na vya mbali viko wazi, kamera ililenga pabaya. Zikiwa wazi, na miguu ya mchezaji imeacha mkia, otofokusi haina kosa: picha ilipigwa polepole. Mtu anayekimbia mita 8 kwa sekunde anasogea sentimita 13 katika 1/60 ya sekunde. Katika 1/1000 hafikishi sentimita 1. Mwanga ukipungua jioni, ni heri kupandisha ISO. Picha yenye chembechembe inaweza kuchapwa. Yenye ukungu inatupwa.

Na pale kamera ilipolenga pabaya, mara nyingi iliachwa katika hali ya kulenga mara moja tu. Inamshika mchezaji, inafunga hesabu, naye anaendelea kukimbia. Kazi ya michezo inataka hali ya kulenga bila kukoma: AF-C kwa Nikon na Sony, AI Servo kwa Canon nyingi. Kuibadilisha hakuombi franka hata moja.

Pesa kidogo ikipatikana, iende kwanza kwenye objektifu. Ile inayofunguka hadi f/2.8 inaingiza mwanga mara nne kuliko ya f/5.6, na otofokusi inaishi kwa mwanga. Vijana wawili wenye kamera za aina moja wanaweza kuweka likelemba, wanunue moja iliyokwisha kutumika, wapokezane.

Wanaosema bila kamera mpya hakuna picha wakumbuke Desemba 2010 kule Abu Dhabi. TP Mazembe ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu, na dunia nzima ilimwona mlinda lango Robert Kidiaba akirukaruka kwa makalio. Kamera kubwa za michezo za wakati ule hazikujua kutafuta jicho la mchezaji. Lakini aliyemjua Kidiaba alijua ageukie wapi Mazembe ikifunga goli. Hakuna otofokusi inayomgeuza mpiga picha kuelekea upande wa pili wa uwanja.

Ujuzi huo unapatikana kwa kuhuzuria mazoezi, kujua nani anapiga kona kwa mguu gani, nani anashangilia vipi. Timu na vyombo vya habari vinavyolalamikia ukungu vifanye yao pia: viwaruhusu vijana kukaribia uwanja, na viwalipe. Mpiga picha anayelipwa atanunua kamera nzuri siku moja, bila deni.