Luberizi: Kushona peke yake hakutoshi, tuwafundishe akina mama kutia rangi

Katika uwanda wa Ruzizi, shirika likitaka kumsaidia mwanamke aliyekimbia vita, mjane ao msichana aliyezaa mapema, jibu huwa moja: kushona. Anafundishwa miezi kadhaa, anapewa cheti, na mwenye bahati anapewa mashine. Kisha anarudi Luberizi, Sange ao Luvungi na kukuta washonaji wengine wengi wanamsubiri mteja yule yule.

Sipingi kushona. Ila fundi anayejua kushona tu analipwa nguvu ya mikono yake, basi. Faida kubwa ya kikwembe inabaki kwa yule aliyetia rangi, na huyo yuko mbali na sisi. Ndiyo maana naona kila kituo cha kushona katika teritwari ya Uvira kingefaa kufundisha pia kutia rangi na kuchora vitambaa vya pamba kwa mkono.

Tukumbuke kwanza kikwembe cha wax kilitoka wapi. Watu wa Java, katika nchi inayoitwa leo Indonesia, walikuwa wakichora kitambaa kwa nta ya moto, wakikichovya katika rangi, kisha wakiiondoa nta ili maua yabaki. Kazi hiyo inaitwa batiki. Waholanzi waliiga kwa mashine, na kampuni ya Vlisco, iliyoanzishwa Helmond mwaka 1846, ikaleta vitambaa hivyo Afrika. Leo soko zetu zimejaa pia vile vinavyotoka China kwa bei ndogo. Ufundi ulioanza mikononi mwa watu wa kijijini umekuwa mali ya viwanda, na sisi tumebaki wanunuzi.

Pamba yenyewe si mgeni kwetu. Kuanzia mwaka 1917, utawala wa Wabelgiji ulilazimisha raia wa Kongo kulima pamba, na uwanda wa Ruzizi ulikuwa moja ya sehemu zilizoilima. Mkulima alitoa jasho, kampuni ikapanga bei. Huko Kalemie, kwenye ziwa letu hili la Tanganyika, kiwanda cha Filtisaf kilitengeneza nyuzi na vitambaa. Leo hakifanyi kazi. Ngambo ya mto, Bujumbura ilikuwa na COTEBU, kilichofungwa na baadaye kufufuliwa kwa jina la Afritextile. Tulilima nyeupe, wengine wakaiuza ikiwa na rangi.

Wapo watakaosema: bila shamba la pamba na bila kiwanda cha kufuma, mnaanzia wapi? Jibu liko Bamako. Wanawake wa Mali wanajulikana Afrika yote kwa bazin yao inayong'aa. Lakini sehemu kubwa ya kitambaa hicho huingia Mali kikiwa cheupe, kikitoka viwanda vya Ulaya na China. Kampuni ya Getzner ya Austria, kwa mfano, ina jina kubwa katika biashara hiyo. Akina mama wa Bamako hawakungoja kiwanda. Walinunua nyeupe, wakafunga, wakachovya, wakakipiga kitambaa kwa nyundo za mbao mpaka king'ae, wakakiuza kwa bei ya juu. Thamani wameiongeza kwa mikono yao.

Wengine watasema vifaa ni ghali. Nta na mishumaa kweli zinagharimu. Lakini Wayoruba wa Nigeria wana njia nyingine, inayoitwa adire eleko. Wanapika uji mzito wa unga wa muhogo, wanachora nao kwenye kitambaa kwa unyoya wa kuku ao kijiti, wanauacha ukauke, kisha wanachovya kitambaa katika rangi ya baridi. Palipo na uji, rangi haiingii. Mwishoni wanaukwangua. Ndugu msomaji, kuna nyumba gani Luberizi isiyojua unga wa muhogo? Anayeanza anaweza hata kuacha uji na kutumia uzi peke yake: anakunja, anafunga kwa nguvu, anachovya, anafungua.

Lakini tukifanya ovyo, tutaua soko kabla halijazaliwa. Jambo la kwanza ni kitambaa. Rangi hizi zinashika vizuri pamba na nyuzi nyingine za mimea. Kwenye poliesta zinatoka kwa kufua mara moja. Kabla ya kununua, chomoa uzi mmoja uuwashe. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka na kuganda kama tone gumu. Kitambaa kipya kifuliwe kwanza, maana kile kinachokifanya kisimame dukani kinazuia rangi kuingia.

Jambo la pili ni afya. Baadhi ya rangi zinahitaji soda kostike, ile wanayotumia watengenezaji wa sabuni. Inaunguza ngozi na inaweza kupofusha macho. Ni lazima ganti za mpira, kitu cha kukinga macho, na sufuria isiyorudi tena jikoni. Soda ndiyo inatiwa katika maji, kidogo kidogo. Maji hayamwagwi juu ya soda. Na maji machafu ya rangi yasiende mtoni. Katika vijiji vyetu watu wengi wanachota, wanafua na kuoga mto mmoja, na kipindupindu tunakifahamu. Kituo kisicho na shimo la kumwagia maji hayo, mbali na kisima, kisifungue somo hili.

Jambo la tatu ni uaminifu kwa mteja. Huko Abeokuta, Nigeria, miaka ya 1930, watia rangi walivutana na mtawala wao juu ya soda kostike na rangi za viwandani, kwa sababu wanunuzi walilalamika kwamba vitambaa vinaharibika. Kitambaa kimoja kinachochafua nguo nyingine kwenye karai kinaharibu jina la soko lote. Kifuliwe na kukaushwa kabla ya kuuzwa. Na kila mama awe na daftari: kitambaa, rangi, soda, kuni, usafiri, siku za kazi. Asipohesabu siku zake, atadhani anapata faida kumbe anakula mtaji.

Vita vinatupa sababu nyingine. Desemba 2025, mapigano yaliposhuka kutoka Kamanyola mpaka Uvira, watu kwa makumi ya maelfu walivuka kuingia Burundi. Mashine ya kushona ni nzito kwa mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Mara nyingi inabaki nyuma, na kinachobaki nyuma kinaporwa. Ufundi wa rangi unaenda na mwenyewe. Popote atakapofika, akipata beseni, uzi na kitambaa cheupe, anaweza kuanza tena.

Bila mnunuzi, lakini, yote haya yatabaki mafunzo ya kupigiwa picha. Mashirika yapunguze semina na yaagize kitambaa. Shule na makanisa yanayovalisha kwaya zao sare wajaribu kikundi kimoja cha hapa hapa. Vikundi vya likelemba vinunue rangi kwa pamoja Bujumbura ao Uvira, maana anayenunua kikopo kimoja analipa kuliko wote. Na kila mwaka, kabla ya tarehe 8 Machi, wanawake wetu wanatafuta kikwembe cha sikukuu. Wakuu wa teritwari na viongozi wa vyama vya wanawake waagize mapema, hata kama ni vipande mia moja tu vya kuanzia, kutoka mikono ya wanawake wa Luberizi. Tutaona hapo kama siku ile ni ya hotuba peke yake, ao pia ni ya mfuko wa mwanamke.