Kitambaa kipya kifuliwe kwanza

Mafundi wengi watakuambia kwamba kufua kitambaa kipya kabla ya kukikata ni kuharibu sabuni. Husema kikiwa kigumu vile kilivyotoka dukani hukatika vyema. Ni kweli. Lakini ikiwa unamshonea mtoto wako mfarishi wa viraka, usiwasikilize.

Ugumu huo hutokana na wanga na dawa za kiwandani. Baadhi ya vitambaa visivyokunjamana hutiwa dawa zenye fomaldehidi, kemikali inayoweza kuwasha ngozi na kuleta vipele. Kufua huipunguza. Na kumbuka, msomaji, mfarishi haufuliwi kila mara kama shati. Mtoto huulalia majuma mazima, tena huzitafuna pembe zake.

Loweka kila rangi peke yake, hasa nyekundu na buluu iliyokoza, usuuze mpaka maji yatoke safi. Pamba nayo yaweza kurudi kwa asilimia 3 hadi 5 ifuliwapo mara ya kwanza. Heri irudi ikiwa bado kwenye beseni kuliko baada ya kushonwa, viraka vikavutana. Fundi akiutaka ugumu wake, atie wanga kidogo apige pasi.