SHERIA YA MTOTO ISIWE DANGANYA TOTO

Mwaka 2009 Bunge lilipitisha Sheria ya Mtoto. Kifungu cha 5 kinakataza kumbagua mtoto kwa kuwa ni mkimbizi. Kifungu cha 11 kinampa haki ya kusikilizwa katika maamuzi yanayomhusu. Maneno matamu!

Sasa twende kambini: Nyarugusu, Kasulu, iliyofunguliwa 1996 kwa Wakongo, na Nduta, Kibondo, iliyofunguliwa tena 2015 kwa Warundi. Watoto waliofika bila wazazi walipewa familia za kuwalea. Wapo walezi waungwana, Mungu awazidishie. Lakini mtoto aliyegeuzwa punda wa kuni na maji, akihojiwa mbele ya mlezi huyo huyo, atathubutu kusema? Na tangu 2017, Warundi walipoanza kurejeshwa kwao, mlezi akijiandikisha kurudi, nani anamuuliza mtoto?

Vijana waliolelewa hivyo wakidai kusikilizwa, wasiitwe wakorofi. Wanadai kilichoandikwa. Serikali imtume ofisa ustawi wa jamii akae na mtoto faragha, kwa lugha anayoielewa, kabla ya kumkabidhi, kumhamisha au kumrejesha. Mtoto si furushi!