Kile Kikono Si cha Barabara

Mnitusi nikimaliza, lakini kwanza nisikizeni. Ukivuta boti barabarani huku injini imeinuliwa na kushikiliwa na kile kikono kidogo cha chuma peke yake, unacheza na maisha ya watu. Sijali umeivuta hivyo mara ngapi. Sijali pia video yako ya machweo kule Naivasha ilipata laiki ngapi.

Wasee wa Roysambu na Donholm wanaouliza boti inawahusu aje: hiyo trela ikipita Mombasa Road kuna boda nyuma yake, na abiria wa hiyo boda anaweza kuwa wewe. Tena zile boti mnazopanda wikendi mkipiga picha za viboko zilifika pale ziwani kwa trela. Ubao unaoshika injini ukiwa umepasuka njiani, hakuna mtu atakuambia kabla hujalipa.

Kwa asiyejua: hiyo injini, ambayo wavuvi huiita mashine, hufungwa nyuma ya boti kwenye ubao wa tezi. Ina mguu mrefu wenye propela chini. Boti ikitoka majini unauinua mguu usigonge ardhi, halafu unageuza kikono kidogo kwenye breketi na mashine inabaki juu. Hicho kikono kimetengenezewa boti iliyoegeshwa ufuoni, imetulia. Hakijatengenezewa lami, na hakika hakijatengenezewa matuta ya Kenya.

Nimejuaje? Mwaka jana anko wangu alinunua boti ya faiba Kilifi, ya mtumba, na mashine ya farasi 40. Mpango ulikuwa kuipeleka Naivasha afanye biashara ya kuzungusha wageni. Hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 600. Kijana wa muuzaji aliinua mashine, akageuza kikono, akaipiga kofi kama ng'ombe aliyeuzwa. Anko akauliza kama inatosha. "Mzee, hiyo ishakamata, wala usiwe na wasiwasi." Tukaondoka.

Tukiingia Emali, tuta la kwanza, tukapita polepole. Tuta la pili, nikasikia kishindo nyuma. Kwenye kioo cha pembeni nikaona mguu wa mashine umeshuka wote na ncha yake inakwaruza lami, cheche zinaruka. Boda aliyekuwa nyuma yetu, amebeba mama na mtoto, akakata kushoto hadi kwenye changarawe. Hakuanguka. Alisimama, akatuangalia, hakusema kitu. Manze, afadhali angetutukana.

Tulifanya nini? Tuliinua tena, tukafunga kamba ya manila, tukaendelea. Nawaambia huu ujinga kwa sababu nilikuwemo, na mimi ndiye niliyefunga hiyo kamba. Kufika ziwani tukakuta ufa kwenye tezi, umeanzia kwenye tundu la boliti na kushuka kama mshipa. Ndani ya faiba ni plaiwudi, na maji yakishaingia kwa ufa huo yanaanza kuiozesha polepole bila wewe kuona. Fundi akakata, akajaza upya. Pasaka ikapita, boti ikiwa imelala kwenye nyasi, na mkopo wa chama haukungoja faiba ikauke.

Sasa twende kwa sababu, maana kuna mabuda watasema ilikuwa bahati mbaya. Chukua pakiti ya unga ya kilo 2, nyoosha mkono, halafu panda matatu inayoruka matuta. Bega lako litakuambia mambo. Tezi ni hilo bega, isipokuwa mashine ya farasi 40 ina uzito wa mtu mzima aliyeshiba. Kila tuta linaitupa juu na kuirudisha chini, na kila ikirudi inavuta boliti zilezile, mahali palepale. Lami ikiwa safi huoni kitu. Ndiyo maana watu wanadanganyika.

Na hii si siri ya wazungu. Fungua kitabu kinachokuja na injini ya Yamaha au Mercury, wanaonya waziwazi kwamba kikono si cha kutegemea wakati wa kuvuta boti, kwa sababu mashine inaweza kutikisika ikachomoka na kuanguka. Ushauri wa Yamaha ni uisafirishe ikiwa imesimama wima kama inavyokaa ikifanya kazi. Kama mguu utagonga chini, inua, lakini uishike na kitu kingine cha ziada. Wima ni poa ukiwa Ulaya. Hapa kwetu trela nyingi ziko chini na tuta moja la kijiji linaweza kukata propela, kwa hivyo wengi wetu tutainua. Sina shida na kuinua. Shida yangu ni kuinua halafu kuomba Mungu.

Kitu chenyewe cha ziada ni bomba. Bomba la chuma, upande mmoja umekaa kwenye chuma cha nyuma cha trela, upande mwingine una kikalio cha umbo la V chenye mpira, mguu wa mashine unalala hapo. Unashusha mashine mpaka ikalie bomba kwa uzito, halafu unaifunga mkanda isiruke. Sasa uzito unaenda kwa trela, tezi inapumua. Ya kununua ipo, lakini fundi wa jua kali mwenye welding na kipande cha tairi kuukuu anakutengenezea. Ya anko ilifanywa hivyo, kwa doh kidogo kuliko raba ulizovaa.

Hapa kuna wajuaji watakuja na hoja nzuri, na nitawapa haki yao: bomba likifungwa vibaya linaweza kuumiza mashine. Kweli kabisa. Trela ikipinda kivyake na boti ikirukaruka kivyake, bomba linakuwa nyundo inayogonga mguu. Dawa yake ni kufunga boti kwanza. Mikanda miwili ya racheti kutoka tezi hadi kwa trela, kaza mpaka boti na trela viwe kitu kimoja, ndipo uweke bomba. Ule mkanda wa winchi pale mbele peke yake hautoshi, nyuma kutaendelea kucheza.

Wale wa "yangu ina haidroliki, inajishikilia yenyewe": Mercury wanasema msiitegemee hiyo pia. Hata ikikaa juu safari nzima, uzito bado unaning'inia kwenye tezi. Na kabla hujatoka, zuia mashine isigeuke kushoto na kulia, chomoa mpira wa mafuta, funga kitambaa chekundu kwa propela ili boda aione. Ukifika kilomita za kwanza kumi hivi, simama ukaze kila kitu tena, kwa sababu skrubu hulegea na mtetemo.

Kama mashine yako ni ndogo, ile watu wawili wanabeba, hata usihangaike na bomba. Itoe, isimamishe maji yatoke yote, halafu ilaze kwenye pikapu kichwa kikiwa juu kidogo kuliko mguu. Ile ya mipigo minne ina upande wake wa kulala, umeonyeshwa kwa kitabu. Ukiilaza upande mbaya, oili inaingia kwa silinda na utalia.

Lakini wanaonikera zaidi ni wauzaji. Unachukua pesa ya mtu, unampa trela, unajua anaenda zaidi ya kilomita 600, na unamwachia kikono na kofi. Bomba lingekuwa ndani ya bei. Mnunuzi naye, ukinunua boti na muuzaji hana bomba, usivute siku hiyo. Lala lojing, asubuhi tafuta fundi.

Haya, wenye boti na wenye binamu wenye boti, wekeni picha za nyuma ya trela zenu hapa chini. Sitaki ya mbele. Nyuma, karibu, bomba na mikanda vionekane. Na kama ni kile kikono tu, weka bado, ila utuambie pia ni barabara gani unapitia Jumamosi.