Kasoro Isiyoandikwa Haitibiki

Hakuna muuguzi anayekubali kupokea zamu kwa kuambiwa tu kwamba kuna mgonjwa mmoja kule mwisho hayuko vizuri. Atauliza ni nani, yuko kitanda kipi, hali ilianza lini, amepewa nini, daktari gani anamfuatilia, na ripoti yake imeandikwa wapi. Utaratibu huo haukuzuka kwa kupenda makaratasi. Umetokana na uzoefu mchungu kwamba jambo lililobaki mdomoni mwa mtu mmoja huondoka naye anapokwenda nyumbani. Lakini mfumo wa kompyuta wa hospitali unapougua, utaratibu huo aghalabu husahaulika. Hitilafu hutajwa koridoni, hutumwa kwenye kundi la WhatsApp, hupotea katikati ya salamu za asubuhi, na kesho yake hugunduliwa upya na mtu mwingine.

Ichukuliwe mfano. Muuguzi wa wodi ya watoto anaingiza uzito wa mtoto, kilo 8.5, na skrini inaonyesha 85. Anashtuka, anafuta, anaandika tena, na safari hii namba inakaa sawa. Foleni ni ndefu, kazi inaendelea. Mchana anakutana na mtaalamu wa TEHAMA na kumdokezea. Naye anaahidi kuangalia. Muuguzi wa zamu ya usiku hakulisikia dokezo hilo. Kwa dawa inayopimwa kwa miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, nukta hiyo moja ndiyo tofauti ya miligramu 127.5 na miligramu 1,275. Nukta ilipotea, lakini haikuandikwa popote kwamba ilipotea. Kwa hiyo, kwa kumbukumbu za hospitali, jambo hilo halikutokea.

Hoja ya makala haya ni nyepesi kuieleza, ingawa si nyepesi kuitekeleza: kufuatilia kasoro za programu ni sehemu ya usalama wa mgonjwa, sawa na kunawa mikono na kuhakiki jina kabla ya sindano. Haipaswi kuachwa iwe siri ya chumba cha kompyuta.

Funzo la mashine ya mionzi

Historia ya tiba ina kisa ambacho kila mtumishi wa afya anayetumia kompyuta angestahili kukijua. Therac-25 ilikuwa mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, iliyotengenezwa na shirika la Atomic Energy of Canada Limited. Mashine 11 zilifungwa, 5 Marekani na 6 Kanada. Tofauti na mashine zilizoitangulia, hii iliikabidhi programu ya kompyuta kazi za ulinzi ambazo awali zilifanywa na vizuizi vya umeme na vya chuma. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, wagonjwa 6 walipata mionzi kupita kiasi mno, na baadhi yao walifariki kutokana na majeraha hayo.

Ajali ya kwanza ilitokea Marietta, Georgia. Mwezi uliofuata ikatokea nyingine Hamilton, Ontario. Wahandisi hawakuweza kuirudia hitilafu hiyo, wakashuku swichi ndogo, wakairekebisha, na mashine ikatangazwa kuwa salama kuliko ilivyokuwa. Desemba mwaka huohuo mgonjwa wa Yakima, jimbo la Washington, alipata jeraha la ngozi lisiloeleweka. Hospitali yake ilipouliza, ilijibiwa kwamba mashine haiwezi kuwa chanzo, na kwamba hakuna majeraha mengine ya namna hiyo yanayojulikana.

Machi 1986, katika mji wa Tyler, Texas, mwendeshaji wa mashine aliandika herufi moja kimakosa, akaisahihisha haraka kwa mazoea ya kazi, kisha akaanzisha tiba. Mashine ikasimama na kuonyesha maneno yaliyosema tu kwamba kuna hitilafu namba 54. Kitabu cha mwendeshaji hakikueleza maana ya namba hiyo. Maadamu mashine ilikuwa na kawaida ya kusimama kwa sababu ndogondogo, alibonyeza kitufe cha kuendelea. Mgonjwa alikwisha kuungua, akaunguzwa tena. Wahandisi walifika, wakajaribu, hawakuona kitu. Mashine ikarudishwa kazini. Tarehe 11 Aprili mgonjwa wa pili akaumizwa katika chumba kilekile, na namba 54 ikaonekana tena.

Hapo ndipo mwanafizikia wa hospitali hiyo, pamoja na mwendeshaji aliyekumbuka alichokifanya hatua kwa hatua, walikaa na mashine na kurudia uandishi ule mara nyingi hadi wakaweza kuiita hitilafu 54 kila walipotaka. Siri ilikuwa kasi: mtu aliyeizoea kazi na kusahihisha haraka aliipita programu, na mashine ikabaki katika hali isiyolingana na kilichoonekana kwenye skrini. Wahandisi waliojaribu polepole wasingeiona kamwe.

Baadaye iligunduliwa kwamba kasoro hiyohiyo ilikuwemo katika mashine ya awali, Therac-20. Kule ilikuwa ikiunguza fyuzi tu, kwa sababu vizuizi vya umeme vilikuwapo bado, na ikachukuliwa kuwa usumbufu mdogo. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Nancy Leveson na Clark Turner, waliochapisha uchambuzi wa ajali hizi mwaka 1993, walionya dhidi ya kuitupia lawama kasoro moja tu ya programu. Miongoni mwa mambo waliyoyakosoa ni kukosekana kwa utaratibu wa kufuatilia hadi mwisho matukio yaliyoripotiwa. Ripoti zilikuwapo. Kilichokosekana ni mahali pamoja pa kuziweka, mtu wa kuziunganisha, na ujasiri wa kukiri kwamba hitilafu isiyoweza kurudiwa si hitilafu isiyokuwapo.

Rejesta ya kasoro ni faili la mgonjwa

Watengenezaji wa programu wamejifunza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1947, waendeshaji wa kompyuta ya Harvard Mark II walimkuta nondo ndani ya mashine, wakambandika kwenye daftari la kumbukumbu pamoja na maelezo ya tukio. Daftari hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Mwaka 1998 mradi wa Mozilla uliitoa kwa umma programu ya Bugzilla, ambayo kazi yake ni hiyo tu: kupokea kasoro, kuipa namba, na kuifuata hadi mwisho. Leo zipo nyingi za aina hiyo. Hata OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, husimamiwa kwa rejesta iliyo wazi, ambamo kasoro ina namba yake na historia yake inayoweza kusomwa.

Mtumishi wa afya hana haja ya kuona ugeni katika mambo haya, kwa kuwa anayafanya kila siku kwa jina jingine. Taarifa nzuri ya kasoro ni historia ya ugonjwa iliyochukuliwa vizuri: nini kilitarajiwa, nini kilitokea, lini, kwenye kompyuta ipi, baada ya kubonyeza nini, na je, kimejirudia. Kusema kwamba sistimu inasumbua ni sawa na kusema kwamba mgonjwa anaumwa. Ni kweli, lakini hakuna tiba inayoweza kuanza hapo.

Baada ya historia huja upangaji wa uharaka. Herufi iliyokosewa kwenye risiti huonekana na kila mtu na hulalamikiwa sana, lakini haimdhuru mtu. Nukta inayopotea mara moja kwa mwezi hulalamikiwa na mmoja tu, na inaweza kuua. Ukubwa wa kelele si ukubwa wa hatari, na anayepanga foleni ya matengenezo lazima awe na mganga, muuguzi au mfamasia kando yake, maana mtaalamu wa kompyuta peke yake hawezi kujua kipi kinagusa uhai.

Kisha kila kasoro inahitaji mwenyewe. Mgonjwa asiye na daktari anayemfuatilia hupitiwa na wote na kutibiwa na hakuna. Hali kadhalika, kasoro iliyokabidhiwa kwa idara nzima haikukabidhiwa kwa yeyote. Jina moja liandikwe, pamoja na tarehe ya kuirudia. Taarifa tano zinazofanana kutoka wodi tano zisifutwe kwa kuwa zimejirudia. Ziunganishwe, kwa sababu kwa jicho la afya ya jamii hiyo ni dalili ya mlipuko.

Mwisho ni kufunga. Hapa ndipo hospitali nyingi hujidanganya. Kuandika dawa si kupona, na kurekebisha programu si kufunga kasoro. Kasoro ifungwe pale aliyeiripoti, au mwenzake wa wodi hiyo, atakapothibitisha kwa kazi halisi kwamba imekwisha. Swichi ya Hamilton ilirekebishwa, na ugonjwa ukaendelea.

Orodha peke yake haiponyi

Ni kweli kwamba rejesta inaweza kugeuka kaburi. Orodha ya kasoro 400 ambayo hakuna anayeisoma ni mbaya kuliko kutokuwa na orodha, kwa kuwa huwapa watu faraja ya uongo kwamba jambo limeshughulikiwa. Ndiyo maana ufuatiliaji wa kasoro hautengani na usimamizi wa mradi wenyewe: nani anaamua kwamba wiki hii kipengele kipya cha malipo kitasubiri ili uzito wa watoto usomwe sawasawa. Uamuzi huo ni wa uongozi, na una gharama. Kipengele kipya huonekana kwenye hotuba ya uzinduzi. Kasoro iliyotibiwa haionekani popote, ila katika mtoto aliyerudi nyumbani salama bila mtu kujua aliponea wapi. Kikao kifupi cha kila wiki, chenye watu wa kliniki na wa kompyuta mezani pamoja, kikipitia kwanza kasoro za hatari kubwa, kina manufaa kuliko ripoti nene ya robo mwaka.

Wapo watakaosema kwamba wauguzi hawana muda wa kujaza fomu nyingine. Malalamiko hayo ni ya haki. Fomu yenye vipengele 20 haitajazwa, na haistahili kujazwa. Mistari minne inatosha, na ikibidi ipokelewe kwa simu na kuandikwa na aliyepokea. Tena, dakika mbili za kuandika hulipwa na saa nyingi ambazo watu kumi wangepoteza kuigundua kasoro moja mara kumi.

Kikwazo kikubwa zaidi ni hofu. Mtumishi anayeripoti huulizwa kwanza alikosea wapi. Msambazaji wa programu huona kila taarifa kama doa kwenye mkataba wake, na kiongozi huona idadi kubwa ya taarifa kama ushahidi wa mradi mbovu. Lakini wodi isiyoripoti kitu si lazima iwe wodi salama. Yawezekana ni wodi iliyokata tamaa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mikataba ya kununua mifumo ingepasa kutaja wazi kwamba hospitali ina haki ya kuziona kasoro zote zinazojulikana, pamoja na zilizoripotiwa na hospitali nyingine, kwa sababu jibu walilopewa watu wa Yakima halipaswi kutolewa tena. Tahadhari moja ibaki: picha ya skrini inayoambatishwa isibebe jina wala namba ya faili ya mgonjwa. Usalama wa mfumo hautafutwi kwa kuvunja siri ya mtu.

Sehemu ya mgonjwa

Mgonjwa naye si mtazamaji. Yeye ndiye anayejua umri wake, dawa inayomdhuru, na kipimo alichopimwa na ambacho hakupimwa. Akiona jina lake limeandikwa vibaya, au akisomewa majibu yasiyofanana na hali yake, ana haki ya kusema, na zaidi ya hapo, ana haki ya kuomba jambo hilo liandikwe. Huko Texas, mgonjwa wa Machi alisema papo hapo kwamba ameungua, wakati mashine ilikuwa ikionyesha kwamba amepata dozi ndogo mno. Mwili wake ulikuwa sahihi, skrini haikuwa.

Hospitali isiyo na fedha za programu ya kisasa ya kufuatilia kasoro haina udhuru wa kungoja. Daftari la kaunta lenye safu saba linatosha kuanzia: namba, tarehe, kilichotokea, hatari yake, anayeshughulikia, kilichofanyika, na sahihi ya aliyeripoti baada ya kuthibitisha. Liwekwe mahali ambapo zamu hukabidhiana, na lisomwe pamoja na ripoti za wagonjwa. Yule muuguzi wa wodi ya watoto atakapoandika mstari mmoja kuhusu nukta iliyopotea, mwenzake wa usiku ataukuta, na ataupima uzito wa mtoto kwa macho yake kabla ya kuvuta dawa kwenye sindano.