Gwiji Ndani ya Bendi ya Wenyewe

Novemba 1993, ziara ikiwa haijamalizika, Ritchie Blackmore aliiacha Deep Purple kwa mara ya pili. Safari hii hakurudi. Maonyesho ya Japani yalikuwa yamekwishapangwa, na waliobaki, yaani Ian Gillan, Roger Glover, Jon Lord na Ian Paice, walikuwa na siku chache za kumpata mtu wa kushika gitaa. Wakamwita Joe Satriani, Mmarekani aliyekwishajijengea jina kwa albamu ambazo gitaa ndilo linaloimba. Alipiga nao Japani mwezi Desemba, akapiga nao Ulaya kiangazi cha 1994, akaombwa abaki, akashindwa kwa kuwa mkataba wa kazi zake mwenyewe ulimfunga. Ndipo akaja Steve Morse. Huyo alikaa hadi 2022.

Tangu hapo wapenzi wa roki ya miaka ya 70 hawajaacha kubishana. Je, gwiji wa gitaa ana mahali pa kweli katika bendi kongwe, au atabaki mgeni hata akae miaka mingapi? Toleo hili tumelitoa lote kwa ubishi huo, na mimi sitajifanya sina upande. Naamini mahali anapo. Ila kinachoamua si wepesi wa vidole vyake. Kinachoamua ni kama nyimbo zilitungwa naye akiwamo, au aliitwa zikiwa zimekwisha.

Chukua Whitesnake. David Coverdale aliianzisha mwaka 1978 juu ya msingi wa bluzi, na magitaa ya Bernie Marsden na Micky Moody yalijua kuipisha sauti yake. Ilipofika 1989 hao walikwishaondoka, na karibu nyimbo zote za albamu ya Slip of the Tongue zilitungwa na Coverdale pamoja na Adrian Vandenberg. Vandenberg akaumia mkono, asiweze kurekodi. Akaitwa Steve Vai, aliyepikwa katika bendi ya Frank Zappa, naye akapiga magitaa yote peke yake. Isikilize albamu hiyo kwa makini. Kila mwanya umejazwa. Coverdale akivuta pumzi tu, gitaa limekwishaingia. Mstari ukiisha, nyuzi zinalia, zinacheka, zinapanda na kushuka. Ni kazi ya mkono wa ajabu, na bado nyimbo hazimhitaji. Mwondoe Vai, mpe kazi hiyo mpigaji mwingine hodari, nazo zitabaki zile zile. Simlaumu. Mwaka uliofuata alitoa Passion and Warfare, na humo vidole vile vile havimzibii mtu njia, kwa sababu kila wimbo umezaliwa kwenye gitaa lake.

Deep Purple ilikuwa nyumba ya namna nyingine tangu ilipoundwa mwaka 1968. Jon Lord hakuridhika na sauti ya kinanda chake cha Hammond ilivyotoka kiwandani. Akakipitisha kwenye amplifaya za Marshall, vyombo vya wapiga gitaa, kikaanza kukoroma. Gitaa na kinanda vikawa na ukali mmoja. Sikiliza Made in Japan, iliyorekodiwa Agosti 1972 huko Osaka na Tokyo: Blackmore anachokoza, Lord anajibu, kisha Gillan mwenyewe anaingia kulifukuzia gitaa kwa koo lake, noti kwa noti. Katika bendi kama hiyo, mwenye ufundi mwingi hamzidi mtu kimo. Anakuta wenzake wanamsubiri.

Morse aliikuta hali hiyo, na kubwa zaidi, aliikuta meza ikiwa tupu. Purpendicular ya 1996 waliitunga wote watano. Sometimes I Feel Like Screaming unaanza na nyuzi za Morse zinazodonolewa taratibu, na kila kinachofuata, hata namna Gillan anavyoshusha sauti, kimejengwa juu ya nyuzi hizo. Huyo utamwondoaje?

Wanaompinga wana hoja nzito, nami sitaipitia juu juu. Wanasema Morse ni msafi kupita kiasi, noti zake ni nyingi, na kwamba Blackmore alijua kunyamaza hadi ukapata woga. Kwa nyimbo za zamani wamesema kweli. Smoke on the Water, kwa mfano, Blackmore huudonoa kwa vidole, nyuzi mbili kwa pamoja, na ule ukimya kati ya mapigo ni sehemu ya wimbo. Solo ya Highway Star aliipanga mapema kabla ya kurekodi, kama mtu anayetunga shairi. Vitu hivyo vina mwenyewe. Morse alipovipiga jukwaani alikuwa kama msomaji mzuri wa barua ya mtu mwingine. Lakini kumpima kwa barua hiyo tu ni dhuluma, na ni dhuluma iliyowahi kumpata Tommy Bolin, aliyeshika gitaa la Deep Purple mwaka 1975. Albamu yake na bendi hiyo, Come Taste the Band, ni nzuri kuliko inavyosifiwa. Mwaka uliofuata bendi ikavunjika, na Bolin akafariki Desemba ya mwaka huo huo.

Nakubali pia kwamba jibu langu si la bendi zote. Mick Taylor alipoondoka Rolling Stones mwishoni mwa 1974, miongoni mwa waliojaribiwa alikuwamo Jeff Beck, fundi asiye na mfano. Wakamchukua Ronnie Wood, na walifanya sawa. Gitaa la Keith Richards halitaki mtu wa solo wa kulitangulia. Linataka la pili la kusukana nalo, mpaka usijue lipi ni rithimu.

Kinachonikera ni mwaka 2016. Ukumbi wa Heshima wa Rock and Roll ulipoiingiza Deep Purple, uliorodhesha wanamuziki wanane. Rod Evans, aliyeimba kabla ya Gillan hadi 1969, alikuwamo, na hiyo ni haki yake. Morse, aliyekwishafikisha zaidi ya miaka 20 na albamu kadhaa, hakuwamo. Alikaa muda mrefu kuliko Blackmore hata ukijumlisha vipindi vyote viwili vya Blackmore. Huo si ugeni, na waliopanga orodha walipaswa kulijua hilo.

Morse aliondoka 2022 ili amuuguze mkewe. Nafasi yake akaichukua Simon McBride wa Ireland ya Kaskazini, na mwaka 2024 ikatoka =1, albamu ambayo McBride ameshiriki kuitunga. Makala ya kwanza ya toleo hili inaichambua. Mwandishi wake anapingana nami waziwazi kuhusu Morse, nami nimeichapa kama alivyoiandika.