Dharura siyo ruhusa ya kukopa kimya kimya



Kwenye kikoba cha mama yangu hapa Itigi, hata mwenyekiti akifiwa na kutaka mkopo wa msiba, anasimama mbele ya wanachama anasema: nataka kiasi fulani, cha kazi fulani, narudisha lini. Msiba ni dharura, hakuna anayebisha. Lakini kikao kinakaa, hata kama ni usiku.

Sasa tuiangalie Serikali. Bunge lilipitisha bajeti Juni 2021. Septemba 7, IMF ikaidhinisha mkopo wa dharura wa UVIKO-19, dola milioni 567.25, zile trilioni 1.3 mlizozisikia. Theluthi mbili ni za kurejesha ndani ya miaka 5. Madarasa 15,000 yakajengwa, na mimi sina ugomvi na darasa. Nauliza tu: nani aliulizwa kabla?

Fungua Katiba ya 1977, Ibara ya 141. Deni la Taifa linadhaminiwa na Mfuko Mkuu wa Hazina, deni lenyewe na riba yake. Yaani mkopeshaji kalindwa na Katiba! Wewe mlipaji je? Ibara hiyo haina ukomo wa deni, wala haisemi Bunge liridhie mkopo. Waziri wa Fedha anakopa kwa Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya 1974, ya enzi za chama kimoja.

Watakujibu: "Kuna Ibara ya 140, mfuko wa dharura, na Bunge huletewa nyongeza." Msidanganyike. Hiyo inahusu kutumia. Wabunge wakifika kujadili matumizi, deni lishaingia.

Linganisha na Ibara ya 32. Rais akitangaza hali ya hatari, Bunge linaitwa ndani ya siku 14 na theluthi mbili ya wabunge wote lazima waunge mkono. Kumbe Katiba inajua kuibana Serikali wakati wa dharura! Kwenye mkopo ndiyo imenyamaza.

Kenya nao wana madeni hadi shingoni, sikatai. Ila Ibara yao ya 211 inampa Waziri siku 7 tu kulijibu Bunge likiuliza: deni ni kiasi gani, limetumikaje, linalipwaje. Sisi Spika Ndugai alionya Desemba 2021 kwamba nchi inaweza kupigwa mnada kwa madeni. Akaomba radhi, na Januari 6, 2022 akajiuzulu. Kama Spika mwenyewe hawezi kuhoji deni, mbunge wa kawaida atahoji nini?

Kwa hiyo Katiba Mpya iseme mambo matatu: ukomo wa deni, mkopo wa dharura ufike bungeni ndani ya siku 14, mkataba wake uwekwe wazi kwa Kiswahili.

Mkulima wa alizeti wa Itigi atalilipa deni hili kwa kodi. Aulizwe basi, kama kikoba kinavyoulizwa.

Katiba Mpya ni sasa!